Nilivyokwenda Kumtoa Riziki kwenye Treni

Shemeji yangu ndiye aliyenituma. Alisikia kwamba huko Katanga binti yangu Riziki atapewa treni ndefu ya madini, yenye mashini ya kuvuta mbele na nyingine mbili katikati, na hizo za katikati hazina dereva. Akasema mutoto atakufa, nimurudishe Uvira aolewe. Na minye, kusema kweli, niliogopa kuliko yeye.

Jumatatu asubuhi nikatoka Songo, mtaa wetu pale Uvira, nikapanda boti mpaka Kalemie. Ziwa lilichafuka, nikatapika mbele za watu hata aibu ikaniisha. Toka Kalemie nikafuata reli, mifupa yote ikiuma, mpaka mgodini. Riziki akanipokea na ovaroli yake. Nikamwambia kesho tunarudi. Akajibu kwa upole kwamba kesho ana egzamen, mtihani wa kuendesha treni ile. Akishindwa, ataondoka nami bila neno. Usiku nikaomba kimoyomoyo ashindwe.

Asubuhi mkubwa wake wa kazi akanipeleka mlimani, mahali reli inapanda kisha inashuka. Akanieleza kwamba mashini zote zikiwekwa mbele, vyuma vinavyounganisha mabehewa vinavutwa mno na vinaweza kukatika. Ndiyo maana nguvu imegawanywa, na Riziki anaziamuru za katikati kwa redio. Kazi ngumu iko kileleni: mbele inashuka, inataka breki, katikati bado inapanda, inataka nguvu. Hapo nilimwelewa upesi. Kwetu kijijini, Luberizi, ng'ombe wakiwa wengi barabarani, mchungaji wa mbele peke yake hatoshi.

Saa nne treni ikatokea. Nikamwona Riziki dirishani, uso mkavu, hata hakuniangalia. Mabehewa yakapita, yakapita, mpaka nikachoka kuyatazama. Zikafika mashini za katikati, ndani hakuna muntu, zinanguruma na kusukuma, na huku mbele kumeshaanza kushuka. Nikashika kichwa.

Hakuna kilichokatika. Behewa la mwisho likavuka, treni nzima ikateremka polepole, ikasimama kule chini. Amefaulu! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Riziki akaja akiwa na jasho, akauliza, "Mama, tunarudi?"

"Weye ubaki," nikamwambia. "Minye naenda."

Njiani nikaona wazi kwamba woga ulikuwa wangu, na nilitaka tu kumvalisha yeye.

Bandarini Uvira, shemeji akatazama nyuma yangu. "Mutoto iko wapi?"

"Iko kazini," nikamjibu. "Mashini tatu zinamutii. Weye na minye ni nani tumupe amri?"