Maadui Wanaosubiri Zamu

Juzi nilikuwa kwenye duka la kanga pale Omurushaka. Mwenye duka, mtu mzima na kofia yake, ameinamia gemu ya mkononi, anapanga askari wa vita kwenye vyumba vyumba kama vya bao. Mbele yake mama mmoja wa Ihembe anahema.

"Shikamoo, mzee. Nipe doti ile. Binti yangu amejifungua, na gari la mwisho la Kyerwa limeshapiga honi."

"Marahaba. Subiri kidogo, mama, niko vitani."

Hakuinua hata jicho. Mama akanyoosha shingo, akachungulia.

"Mbona maadui wamesimama tu?"

"Wananingoja. Nisipocheza zamu yangu, hawasogei."

"Hata mpaka kesho?"

"Hata mwezi."

"Kumbe wana adabu! Dereva wangu hana. Inuka, baba!"

Akainuka. Mama alilidaka gari likianza kutembea, kanga kwapani.

Nami nikachungulia kioo cha ile gemu. Kweli, maadui walikuwa palepale, na sikuona hata mmoja aliyenuna. Nimewaza njia nzima: adui asiye na haraka ndiye anayehudumiwa kwanza, na mwenye mjukuu mchanga ndiye anayeambiwa asubiri.