Harasi, Mbwa Aliyetuchunga Sisi

Mjukuu wangu anafuga mbwa kule mjini Morogoro. Amemfunga mnyororo tangu asubuhi mpaka jioni, na kila nikienda kumtembelea ananionya, "Bibi, usimsogelee, huyo ni mkali." Namtazama mbwa, kisha namtazama mjukuu. Hata yeye angefungwa pale juani na kutupiwa ukoko wa ugali angekuwa mkali. Lakini vijana wa sasa huwaambii kitu, wamesoma. Basi nawasimulia ninyi rika langu, tuliobaki wachache, mliomwona Mdachi kwa macho yenu na si kwenye kitabu cha shule.

Enzi hizo tulikaa mlimani, Uluguru, mahali ambapo ukimwaga maji mlangoni jirani wa chini anakutukana. Tulilima magimbi, kunde na ndizi, na tulikuwa na kuku ambao miguu yao ilizoea kusimama mshazari. Baba alikuwa mpishi wa Bwana mmoja wa Kidachi mwenye shamba la mpira kule bondeni. Bwana huyo alikuwa mtu wa mipango. Aliagiza kwanza mbwa wa kuchunga kutoka kwao Ulaya, ndipo akaanza kutafuta ng'ombe wa kuchungwa. Ng'ombe wakaja, mbung'o wakawamaliza, mbwa akabaki peke yake. Wazee wetu wangeweza kumwambia kwamba bondeni pale ng'ombe hakai, lakini hakuna aliyewauliza, na enzi hizo usipoulizwa ulinyamaza.

Mbwa aliitwa Harasi. Alikuwa mkubwa, mweusi mgongoni, masikio yamesimama wima kama ya mtu anayesikiliza umbea. Bwana alipokuwa anakwenda likizo kwao alimwita Baba akamkabidhi, akae kwetu mlimani kwenye baridi mpaka atakaporudi. Masharti yalikuwa haya: achanwe manyoya kila siku, ale nyama, akimbizwe asubuhi na jioni mpaka achoke. Akikonda, akifa au akipotea, Baba atapata hamsa ishirini. Ninyi mnaijua hamsa ishirini. Kwa ajili ya watoto wa siku hizi, wanaolia wakikanyagwa kidole, ni viboko ishirini na vitano, umelazwa kifudifudi bomani watu wakitazama, na ukiinuka unatakiwa uonekane umeridhika.

Baba alirudi nyumbani na mbwa kwenye kamba, akatutangazia habari ile kama mtu aliyepandishwa cheo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ale nini?"

"Nyama," Baba akasema.

Mama akatutazama sisi wanawe. Nyama tuliiona Krismasi na Pasaka, na hapo ukikaa karibu na chungu. Akasema, "Haya. Tutakula harufu yake."

Kumchana manyoya ilikuwa kazi yangu, na nilitumia kitana kilekile tulichochania nywele zetu siku ya Jumapili. Kumkimbiza ilikuwa kazi yetu sote, mimi, dada yangu Filotea na kaka yangu Apolinari. Tulipanda naye mlima na kushuka, tulipanda na kushuka, ndimi nje. Sisi ndio tuliochoka. Harasi alifika juu, akatusubiri, akatutazama kwa huruma, kisha akarudi kumsukuma aliyebaki nyuma. Na akimaliza hapo alitaka kazi nyingine. Akawakusanya kuku wote pembeni mwa nyumba, wakasimama pale wamebanana mpaka jioni, wasile wala wasitage. Akawazunguka wanawake wanaotoka kisimani akawarudisha kisimani. Siku ya Jumapili aliwasukuma kanisani watu ambao katekista alikwisha kuwakatia tamaa, na padri akasifu sana imani ya mlima wetu.

Baba alisema mbwa ana wazimu. Mama akasema, "Hana wazimu. Hana kazi." Akampa kazi. Kila jua lilipoanza kuzama alisimama mlangoni akamwambia, kwa Kiluguru chake, "Harasi, walete." Na Harasi alituleta. Uwe mtoni, uwe juu ya mti wa jirani unaiba mapera, uwe umejificha migombani, ungesikia pua ya baridi kwenye kisigino, na hapo hapakuwa na mjadala. Akatufikisha mlangoni, akatuzunguka mara moja kuhakikisha tumetimia, ndipo akalala kizingitini. Siku Filotea alipolala kwa shangazi, mbwa yule hakulala. Alilia mpaka Baba akaenda kumchukua mtoto.

Akawa wetu. Nasema wazi, nilimpenda kuliko nilivyompenda Apolinari, na Apolinari alilijua hilo.

Sasa mambo yakaharibika kwenye msiba. Bibi yetu mzaa mama alifariki, ukoo ukakusanyika, na watani wakaja kama ilivyo ada. Ninyi mnajua mtani wa enzi zetu, si huyu wa siku hizi anayeleta salamu za rambirambi amevaa tai. Mtani alifika msibani anacheka, akamwiga marehemu anavyotembea, akachukua jembe, akachukua kuku, akachukua mkeka ulioukalia. Ukitaka kitu chako unakikomboa kwa kitu kidogo. Kukasirika ni mwiko, na kumnyang'anya mtani alichokishika ni kuutukana ukoo mzima.

Mtani wetu mkubwa alikuwa Mzee Msumi wa ng'ambo ya korongo, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi. Siku ile Harasi aliwaona waombolezaji wametawanyika uwanjani, akaona kazi. Akawakusanya. Wazee kwa vijana, wenye kulia na wenye kula, akawabana wote kando ya jiko. Mzee Msumi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akashika kamba ya mbwa, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye wangu. Nakwenda naye kwa mbuzi zangu, na ukombozi sitaki."

Baba akapauka. Alikuwa hawezi kumzuia, maana Baba katika ukoo wa Mama alikuwa mgeni wa heshima tu. Mambo ya ukoo yaliamuliwa na Mjomba, kaka yake Mama. Baba akamfuata Mjomba kando, nami nikiwa nimebeba maji karibu nao.

"Shemeji, mbwa yule si wetu. Ni wa Bwana."

"Mtani ameshika," Mjomba akasema. "Tukimnyang'anya msibani, tutamzikaje mama?"

"Na Bwana akirudi? Mgongo utakaopigwa ni wa nani?"

Mjomba akafikiri kwa makini, kama alivyofikiria kila jambo. "Wako, shemeji. Ukoo hauna mgongo."

Harasi akaenda. Aligeuka nyuma njia nzima, anatuhesabu kwa macho. Jioni ile Mama alisimama mlangoni akatuita mwenyewe, mmoja mmoja.

Wiki zikapita, na habari ikaja kutoka bondeni kwamba Bwana ameshuka meli, yuko Dar es Salaam, anakuja kwa treni. Baba akaanza kuvaa kaptura mbili, moja juu ya nyingine, kwa mazoezi. Usiku tulimsikia akigeuka kitandani. Sisi watoto hatukucheza tena. Filotea aliniuliza kama mtu anaweza kufa kwa hamsa ishirini, nikamwambia hapana, nami sikujua.

Kumbe ng'ambo ya korongo Mzee Msumi naye alikuwa hapati usingizi. Harasi alichunga mbuzi vizuri mno. Alichunga wa Msumi, na walipokwisha kutimia akaenda kuongeza wa majirani. Kila asubuhi zizi la Msumi lilikuwa na mbuzi wengi kuliko jana, na kila asubuhi majirani walikuja na marungu. Jumbe alikwisha kumwita mara mbili kwa wizi. Isitoshe, Msumi alikuwa na wake wawili waliogombana, kila mmoja akikaa upande wake wa bonde, na mbwa aliwaleta wote jioni kwenye jiko moja.

Msumi akaja kwetu asubuhi moja, Mjomba naye akiwapo, amemshika Harasi kwa kamba na jogoo kwapani. "Watani zangu," akasema, "nakuja kujikomboa kwa jogoo huyu, mbwa mchukueni."

"Mtani hakomboi," Mjomba akasema. "Mtani hukombolewa."

"Basi nichukuliwe mimi, lakini mbwa arudi."

Mjomba alimweka juani akimcheka mpaka jogoo akachoka kuwika. Baba hakucheka. Alikaa chini palepale uwanjani, mikono kichwani, na Harasi akamzunguka, akatuzunguka sisi, akaenda kulala kizingitini.

Furaha yetu haikudumu. Bwana alikuwa ameuza shamba, anahamia Tanga, na alitaka mbwa wake stesheni. Tulishuka wote. Akamkagua manyoya, meno na mbavu, akasema Baba ni mtu wa kuaminika, akampa kofia yake kuukuu, ambayo Baba alizikwa nayo. Kisha akamwita Harasi kwa Kidachi. Mbwa akamtazama, akatutazama, akaenda nyuma ya Bwana akamsukuma kisigino aje upande wetu. Abiria walicheka. Bwana hakucheka. Akamvuta kwa mnyororo mpaka ndani ya behewa.

Treni ilipoanza kwenda, Harasi alipiga kelele mlangoni. Watu walisema anaogopa. Hakuwa anaogopa. Alituona tumebaki nje, na kwa akili yake sisi ndio tuliokuwa tunapotea.

Tulirudi mlimani kila mtu kivyake. Jua lilipozama, Mama akatoka mlangoni, na kwa mazoea akasema, "Harasi, walete." Nilikuwa migombani, Apolinari mtoni, Filotea kwa jirani. Tulikuja wote, bila kuitwa tena, tukasimama mlangoni, tukamwacha atuhesabu.

Siku hizi nina watoto Dar es Salaam, nina mmoja Tanga, na mwingine ameniletea picha yake amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Wote wana kazi, wote wana haraka, na wote watakuja Krismasi, Mungu akipenda na bosi akiruhusu. Mjukuu wangu ananicheka kwamba kila jioni nikiwa kwake nasimama mlangoni bila sababu. Mbwa wake naye, akiniona pale, huacha kubweka na kusimamisha masikio. Juzi nilimfungua mnyororo. Nikamnong'oneza neno lile la Mama, na sasa mjukuu ananitafutia kosa, kwa sababu mbwa alitoka mbio, akarudi baada ya muda akimsukuma yeye mwenyewe kutoka kilabuni mpaka kwenye kiti kilichokuwa karibu yangu.