Nilivyompokea mzigo mama mkwe, nikaitiwa polisi Gare du Midi

Wakuu, kwema? Hii sijaitia chumvi hata punje, aibu yenyewe inatosha.

Mwaka 2009 nilikuwa nasoma Brussels, nina mchumba Mkongo wa Bukavu, Furaha. Kwao walikuwa bado hawanijui. Siku mama yake anakuja kwa treni kutoka Paris, Furaha yuko kazini, akanituma nikampokee stesheni ya Gare du Midi. Mama aliambiwa atakuja "rafiki" tu.

Furaha akanisisitiza: kid gloves, please. Waingereza wakisema hivyo maana yake mtu umshike kwa glavu laini. Sisi tungesema mbebe kama yai.

Nikasema hilo tu? Mimi mtoto wa Singida, adabu nimelelewa nayo.

Nikamtambua kwa picha, anashuka na begi lake. Sasa wakuu, kwetu mzee hapiti na mzigo mbele yako. Unapokea kwanza, shikamoo inafuata. Nikatokea kwa nyuma, nikalishika.

Akavuta. Nikajua ni ustaarabu tu, maana kwetu mzee lazima akatae kidogo. Nikavuta kwa heshima zaidi.

"Mwizi! Au voleur!"

Stesheni ile ina sifa ya vibaka, nani angenisikiliza? Jamaa wawili wakanibana ukutani, mwavuli wa mama ukanipata kichwani mara mbili, polisi hao. Kifaransa chote kikanikimbia, likabaki neno moja tu, la kusema mimi ni mkwe.

"Beau-fils! Beau-fils!"

Mama akashusha mwavuli. "Beau-fils ya nani?"

"Ya Furaha!" Basi, posa ikawa imefika. Mbele ya polisi.

Mama akawaambia waniachie, tukapanda basi. Mimi najua ndoa imeshakufa. Tunakaribia kwa Furaha, mtaa wa Evere, mama akaongea taratibu: "Wakati ya vita walininyanganya yote njiani. Tangu pale, mufuko yangu inabebwa na muntu mwenye nimemupatia. Bon. Ungeuliza tu, mutoto yangu."

Niliumia, wakuu. Adabu yangu yote ile ilikuwa ya kunifurahisha mimi.

Furaha alikaa ghorofa ya nne, lifti mbovu. Sikuligusa begi. Ghorofa ya pili mama akasimama, akahema, akanitazama weee, kisha akaninyooshea mwenyewe.

"Kamata. Polepole."

Lesson niliyopata: kabla hujamheshimu mtu, muulize yeye anaheshimiwaje. Mwaka uliofuata tulioana.

Nyie wakwe zenu mliwaanzaje? Semeni msione haya, mimi nimeshatangulia.