Matawi ya Mchikichi

Huku Kisangani, nyumba ikipata kifo tunachomeka matawi ya mchikichi kwenye kiingilio cha parseli, pale uwanja wa nyumba unapokutana na barabara. Mpita njia akiyaona anajua kuna matanga, anaingia, anakaa, analia. Hakuna anayealikwa. Matawi ndiyo yanaita.

Mtoto wangu alipojiua, kaka yangu mkubwa alinikuta nimeshika panga naenda kuyakata.

"Weka chini," alisema. "Kifo ya namna hii haina matanga. Tukiililia, itarudi kubeba mwingine. Tunazika kimya. Watu wakiuliza, malaria."

"Malaria gani, yaya?" nilimuuliza kaka. "Juzi alikula mboga ya pondu hapa na wewe, akakushinda."

"Bon. Fanya unavyotaka. Mimi sitaingia."

Mimi shule niliiacha mapema. Nimefyatua matofali kwa mikono hii, na nusu ya nyumba za barabara yetu zimesimama juu ya jasho langu. Siombi mtu ruhusa ya kumlilia mtoto wangu. Nilikata, nikachomeka, nikapanga viti.

Watu walipita. Wakiona matawi walipunguza mwendo, halafu wakakumbuka maneno ya mtaani, wakavuka upande wa pili. Mvua ikanyesha, ikakaa yenyewe kwenye viti.

Aibu sikuiogopa. Nilimwogopea mkwe wangu, mjane wa mtoto. Tangu tuzike hakula, hakusema, hakutoa chozi. Alikaa kwenye mkeke akitazama kiingilio, na kila mtu aliyevuka barabara alimfanya ainamishe kichwa zaidi. Nilimficha panga. Nilimfuata mpaka chooni, mimi baba mkwe, bila haya.

Kesho yake akaingia mama mmoja anayeuza samaki wa moshi, kutoka kule kwa wavuvi wa maporomoko ya mto. Alitua beseni, akakaa mkekani, akauliza kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia:

"Bwana yako alijiua?"

Mke wangu akashika mdomo. Mkwe akainua kichwa. "Ndiyo, mama."

"Wangu pia. Niliambia watu moyo ilisimama. Mwaka muzima, moyo, moyo. Uongo ile ilikuwa inanikula mie. Wewe usiseme moyo. Lia."

Akaanza yeye mwenyewe, kilio kirefu cha watu wa mtoni. Mkwe wangu akamwangukia mapajani na sauti ikamtoka, mbaya, kama ya mnyama. Sijawahi kufurahi kusikia kitu kibaya vile.

Jioni alikula samaki kidogo. Yule mama bado anakuja, wanakaa wawili, siku nyingine bila neno. Kwa nini mtoto wangu aliondoka, sijui. Sitajua.

Matawi yamekauka, yamekuwa ya kahawia. Majuzi kaka alisimama barabarani akanipigia kelele: "Toa uchafu huo! Matanga iliisha zamani."

"Haijaisha," nilimjibu. "Wewe bado hujaingia."