Mkungu wa Watu Wawili

Kaka yangu alikuwa seremala Kiwira, na mimi natengeneza simu na redio Ibighi, hapa mjini Tukuyu. Ungetuona barabarani ungedhani hatuna cha kuzungumza zaidi ya habari za nyumbani. Lakini kwa miaka kadhaa, kila Jumapili baada ya ibada, alipanda gari kuja kwangu, tukala, kisha tukakaa meza moja kutengeneza gemu ya mashine ambayo viwanda viliacha kuitoa sisi tukiwa bado watoto.

Ni ile mashine ya gemu za kanda, ya kuchomeka kwenye TV. Baba alituletea moja kutoka Dar. Tuliicheza hadi vibonye vikafutika maandishi, kisha radi ikaiua, na kilio cha kaka siku ile nakikumbuka kuliko gemu zenyewe. Nilipokuwa mtu mzima nikagundua kwamba huko mtandaoni kuna watu wa nchi nyingi ambao hawajaisahau. Wana programu ya kuifanya kompyuta ijifanye ndiyo mashine ile, na wengine wanaiandikia gemu mpya. Nilimwonyesha kaka. Akatazama, halafu akauliza, "Na sisi tunaweza?"

Mimi niliandika programu ya gemu, yeye akachora. Mashine ile ni maskini wa rangi na nafasi. Mchoro mzima unaujenga kwa miraba midogo, na kila mraba una gharama yake. Kaka alikuwa na subira ya mtu anayeunganisha mbao. Alichora mlima Rungwe na wingu lake, migomba, vijito, utelezi wa njia za Lufingo ambako tulilelewa. Wazo la gemu pia lilikuwa lake. Watu wawili wamebeba mkungu mmoja wa ndizi kwa mti mabegani, mmoja mbele, mmoja nyuma, wanateremka kutoka shambani hadi barabarani. Kila mchezaji anamwongoza mtu wake. Mmoja akiruka kijito kabla ya mwenzake, mkungu unaanguka.

"Lazima wawe wawili," alisema. "Peke yako usiweze."

Tuliijaribu kwenye kompyuta mara nyingi mno, lakini leo nikikumbuka naona hatukuwahi kuicheza. Kila tukianza, mmoja wetu aliona kasoro. Mguu unazama kwenye jiwe. Mvua inaacha alama kwenye anga. Tunasimamisha, tunarekebisha, tunaanza upya. Hatukufika barabarani hata mara moja, na hilo halikutusumbua, kwa sababu tulikubaliana kwamba tutaicheza kikwelikweli siku itakapokuwa ndani ya kanda, kwenye mashine halisi, kwenye TV ya chogo kama ya zamani. Mashine nilikuwa nimeipata kwa fundi mwenzangu. TV ilikuwa kwa shangazi yetu Lufingo, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe, juu yake chombo cha maua. Alikataa kututolea.

"Hii aliiacha marehemu mume wangu," alisema. "Mkitaka, njooni mchezee hapa hapa. Nitawapikia."

Kilichobaki ilikuwa chipu ya kuwekea gemu yetu, ambayo ilibidi iagizwe nje. Tukawa tunaisubiri.

Ikiwa bado njiani, mashine ya kuranda mbao ilimkamata kaka mkono wa kulia. Nilimkuta hospitali, mkono umefungwa mkubwa kama mtoto mchanga, mkewe amekaa pembeni anakunja na kukunjua khanga. Dole gumba na kidole cha shahada havikuwepo tena. Viwili vingine vilibaki vigumu. Kaka aliniangalia akasema, "Seremala wa mkono mmoja, mdogo wangu." Nilimuuliza kama ana kiu.

Chipu ilipofika niliichomelea kwenye kanda ya zamani, na gemu ikawaka. Sikumwambia mara moja. Kwanza nilimtengenezea pedi ya kuchezea ya kipekee, yenye kibonye kipana cha kuruka cha kukanyaga kwa mguu. Nikaipeleka Kiwira. Aliijaribu kwenye kompyuta yangu, kwa adabu, kama mtu anayeonja chakula cha mgeni. Mguu ulichelewa, mkungu ukaanguka. Akajaribu tena.

"Naweza kuipunguza kasi," nilisema. "Au nikufanye wewe usiruke, niruke mimi kwa niaba ya wote."

"Usiiguse," alisema. "Ilivyo ndivyo ilivyo. Cheza na mwingine."

Nilimwomba tu aje Lufingo aione, akakubali. Shangazi alipika, akaondoa maua na kitambaa, TV ikachukua muda kupata picha, kisha ukatokea mlima aliouchora kaka, mnene na wenye kung'aa kuliko tulivyowahi kuuona kwenye kompyuta. Kaka alisogeza kiti mbele. Nilishika pedi moja, ya pili ikabaki mkekani. Shangazi alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akaketi na kuiokota.

"Nibonyeze wapi?"

Kaka akamwelekeza. "Hapo, shangazi. Bado. Bado. Sasa." Mkungu ulianguka mara nyingi, naye shangazi kila mara alimpa pole yule mtu wa kwenye TV kwa Kinyakyusa. Lakini masikio yake yaliifuata sauti ya kaka, na taratibu tukavuka vijito vyote. Tulifika barabarani. Muziki mfupi ukalia, lori likaja likapakia. Mimi na shangazi tulicheka. Nilipogeuka kumwona kaka, kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta barazani akitazama mvua. Mkono wake alikuwa ameuweka ndani ya koti.

"Imetoka vizuri," alisema.

"Tungeicheza mapema, kaka. Kwenye kompyuta ile ile, na makosa yake."

"Tungeicheza," alijibu. Hakusema kwa uchungu. Tulisimama pale mpaka shangazi akatuita chakula kinapoa.

Gemu niliiweka mtandaoni, na watu nisiowajua waliniandikia kwamba wanaicheza na wake zao, na watoto wao. Nilimsomea kaka baadhi ya ujumbe huo. Alifurahi, naamini alifurahi kweli. Sasa anauza mbao badala ya kuzichonga, na Jumapili ana mambo ya kanisa. Nimeanza gemu nyingine, ya mchezaji mmoja. Michoro nachora mwenyewe, na migomba yangu inafanana na miavuli.