Kung'aa Ndani ya Kilio

Tarehe tisa ya mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, nilimpoteza mke wangu. Tulikuwa pamoja miaka thelathini na moja. Jumatano aliumwa kichwa, Alhamisi tukampeleka hospitali, Ijumaa asubuhi nikarudi nyumbani peke yangu nimeshika kitenge chake. Juu ya siku hiyo sina maneno mengine.

Ninachoweza kuandika ni jambo dogo lililofuata, nalo ni la aibu. Linahusu ngozi yangu.

Mimi ni fundi wa baiskeli, hapa mtaa wa Panda, mjini Likasi. Nilisoma mpaka darasa la sita. Katika miaka yote ya ndoa sikununua mafuta ya kujipaka hata mara moja. Grisi niliijua. Gurudumu likipita barabarani nikiwa nimeinamisha kichwa, niliweza kukuambia kama ndani yake pamekauka. Lakini mwili wangu mwenyewe sikuujua. Kila asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, mke wangu akachota mafuta kwa vidole viwili, akanipaka mgongo, kisha miguu, kisha uso, halafu akanipiga bega, maana yake nimemaliza, simama. Kazi yangu mimi ilikuwa kuinua singleti.

Kwa kazi hiyo nilijiona mtu mwenye ngozi nzuri. Wazee wenzangu walipolalamika kwamba tangu wapite miaka sitini miguu yao inawasha na kupasuka kila kiangazi, mimi nilikunja suruali nikawaonyesha yangu. Niliwaambia ngozi ya kwetu haizeeki. Niliisema hiyo kwa mdomo mkubwa, tena zaidi ya mara moja.

Baada ya msiba haikuzidi wiki tatu. Kiangazi kiliingia na upepo wake wa baridi, na miguu yangu ikawa kama ubao wa shule. Ukikwaruza kwa ukucha unaacha mstari mweupe. Siku moja, nikingoja mteja, niliandika jina langu lote kwenye muundi, na nafasi ikabaki. Visigino vilikuwa vinanasa nyuzi za blanketi. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, na ndiyo kwanza nilikuwa nakutana na ngozi yangu.

Mngesema, basi nunua mafuta. Lakini wakwe zangu ni watu wa Kasai. Babu yao aliletwa na treni kuja kufanya kazi ya mgodi, na alikuja na desturi zake. Kwao, aliyefiwa na mwenzake anaoga lakini hajipaki mafuta. Anabaki mkavu mpaka siku ya kutosha kilio, ndiyo kusema kuutoa msiba. Siku hiyo ndugu za marehemu wanamnyoa, wanamwogesha, wanampaka mafuta kwa mikono yao wenyewe, na wote wanakwenda makaburini kutia simenti juu ya kaburi. Akijipaka mwenyewe kabla ya hapo, ni kama amesimama barabarani na kutangaza kwamba amemaliza kulia na anatafuta mwingine. Wakwe wanaweza kukataa kumfungua, na simenti wataitia bila yeye.

Mimi nilitaka kuitia ile simenti. Sikuwa na jambo lingine nililolitaka mwaka huu. Nilikuwa nimeshatafuta hata mwiko wa ujenzi, na kuusugua kutu.

Kwa hiyo niliapa kubaki mkavu. Kiapo kilidumu mpaka kisigino cha kulia kilipopasuka na damu ikaingia kwenye ndara. Hapo nikaanza kufikiri kama mwizi. Nilijiambia, desturi inakataza kung'aa, na mguu ulio ndani ya suruali haumng'alii mtu. Nikachukua chupa ya jikoni, ile ambamo mke wangu alibakiza mafuta ya kukaangia samaki, nikajipaka kuanzia magoti mpaka vidole. Nilisikia raha kabisa. Baada ya nusu saa paka wa jirani alinifuata mpaka chooni. Kwenye karakana, mteja aliyekuja na tairi bovu aliniuliza kama siku hizi nauza pia tusamaki, na kama tuko tuwili amupelekee bibi yake. Nikasema hakuna. Nikatengeneza tairi huku nikifukuza nzi.

Jambo lenyewe lilitokea mwezi wa sita. Nilikuwa natafuta sindano katika sanduku la mke wangu, na chini ya vitenge nikakuta kopo la plastiki lisilo na karatasi ya jina. Ndani mlikuwa na mafuta mazito ya rangi ya manjano. Ningeweza kusema niliyapaka kwa sababu midomo na mashavu yalikuwa yamepasuka kwa baridi, na yalikuwa yamepasuka kweli. Lakini si hiyo. Nilifungua kopo, nikanusa, na lilikuwa shavu lake. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilijipaka uso mzima, na shingo sikuipaka, kwa sababu nilitaka kopo lidumu.

Niliendelea hivyo mwezi wa sita, wa saba, na nusu ya wa nane. Kioo changu cha kunyolea ni kipande tu, kinaonyesha kidevu, au jicho, au pua, havionekani pamoja. Mtu anaweza kubadilika sana katika kioo cha namna hiyo bila kupata habari.

Habari nilipewa na mwenzangu wa kutengeneza redio, tunayegawana naye kivuli cha bati moja. Alikuwa amenitazama siku kadhaa bila kusema. Asubuhi moja akaweka bisibisi chini.

"Muzee," akasema, "uso yako ilikuacha. Uso iko Ulaya, masikio ingali hapa Panda."

Nilimwambia aache mchezo. Akaenda kwa mama anayesuka nywele ng'ambo ya barabara, akarudi na kioo kikubwa, akakishika mbele yangu kwa mikono miwili kama padri anayeonyesha Injili. Paji la uso na mashavu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Masikio, shingo na mikono vilikuwa vyangu vya zamani. Nilifanana na mtu aliyeazima uso kwenda harusini na hajaurudisha. Mama wa kusuka alivuka barabara kuja kufuata kioo chake, akanitazama, akasema kwa upole kwamba bei ya mafuta ya namna hii ni kali, na pengine ningepaka na masikio ili nisiharibu kazi.

Nilicheka nao. Sikuwa na njia nyingine. Lakini nilikuwa nikiangalia vifundo vya vidole vyangu, na nilikuwa nikikumbuka vya mke wangu. Mikono yake ilikuwa myeusi kuliko uso. Siku zote nilidhani ni sababu ya jua, na vyombo, na sabuni. Na siku zote nilimsifu uso. Nilimwambia mbele ya watu, hakuna uso kama huu Likasi nzima. Sijui alianza mwaka gani. Nilikuwa nalala kando yake, na nilikuwa nasifu kopo.

Kutoka Panda hadi Shituru si mbali, na maneno hayahitaji baiskeli. Mama mkwe wangu anaishi Shituru pamoja na binti yake mkubwa, dada ya mke wangu. Jumamosi iliyofuata huyo dada alikuja karakana. Hakukaa. Alinizunguka nusu duara, kama mtu anayetaka kununua mbuzi.

"Shemeji, nani anakupaka mafuta?"

Nikamwambia ni mimi mwenyewe.

"Kwa mwanamuke gani?"

Nikamwambia hakuna mwanamke. Akacheka, na hakukuwa na raha katika kicheko chake. Akasema mwanamume aliyeishi miaka thelathini bila kujua kopo la mafuta linafunguliwa upande gani, leo bibi yake yuko chini ya udongo miezi mitatu, anajipaka peke yake mpaka anakuwa mzungu? Alisema mama yao amemtuma. Kama nina mwanamke mwingine, niseme tu. Hawatanipigia kelele. Watatia simenti wenyewe, na mimi nibaki na huyo mwanamke wangu.

Mwenzangu wa redio alijifanya anafunga waya. Mimi nilimwomba shemeji twende nyumbani, ni hatua chache.

Jibu langu lilikuwa ndani ya sanduku, na ndilo lililonitesa. Mama mkwe ni mtu wa kanisa na wa msimamo. Zamani, binti zake wakiwa wasichana, alikuta mafuta ya kujichubua chumbani mwao, akayamwaga yote chooni, na kuwaambia kwamba anayebadilisha rangi amemkana mama yake. Kutoa kopo ni kumwambia kwamba mtoto wake aliyekufa hakumtii. Kutolitoa ni kukubali kwamba nina mwanamke. Nilisimama mbele ya sanduku muda mrefu. Kisha nikalitoa kopo, nikamwekea shemeji mikononi.

Alifungua, akanusa. Akakaa kwenye kiti ambacho alikuwa amekikataa.

"Hii tulichanganya pamoja," akasema.

Akanieleza. Walikuwa wakichanganya Shituru, mama yao akiwa kwenye misa ya asubuhi. Alitaja sabuni, na mafuta ya bomba, yale yanayokamuliwa, na kitu kingine cha duka la dawa. Alikuwa anaongea taratibu, akikaza na kulegeza kifuniko.

"Ulimusifu sana, shemeji. Kila siku uso, uso. Aliogopa anazeeka, utaona uso ya mwingine."

Nilivirudisha vitenge vyake ndani ya sanduku, kimoja kimoja.

Baadaye nilimuuliza nitamwambia nini mama. Alisema ni rahisi, niseme nilinunua sokoni bila kujua. Nikamwambia sijawahi kununua mafuta maishani mwangu. Akasema basi leo nimenunua. Nikasema siwezi. Akasema sasa ameelewa kwa nini marehemu dada yake alikuwa na shinikizo la damu, akatia kopo ndani ya mfuko wake, akaondoka.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Shituru. Nilivaa kofia, nikaivua mlangoni kwa sababu ya heshima, na nilijuta kuivua. Kwa kawaida mimi na mama mkwe hatutazamani. Yeye anakaa chumbani nyuma ya pazia, mimi sebuleni, na binti yake anakaa katikati, anapokea maneno huku na kuyapeleka kule. Siku hiyo alilivuta pazia kwa mkono wake. Alikuwa amevaa miwani. Alinitazama paji, mashavu, masikio, akarudi kwenye mashavu. Niliinamisha kichwa, akaniambia nikiinue.

"Uko na mwanamuke?"

"Hapana, mama."

"Mafuta ulitosha wapi?"

Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Njiani nilikuwa nimetengeneza sentensi tatu, zote zimepinda, na sasa sikupata hata moja.

"Nyumbani, mama. Niliikuta nyumbani."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinaruka-ruka kwa mvuke na hakuna aliyekwenda kukitengeneza. Mama mkwe aligeuka akamtazama binti yake, kwanza uso, kisha mikono, kwenye vifundo vya vidole. Shemeji akaificha mikono ndani ya kitenge. Nilijua basi, imekwisha, nimemuua mke wangu mara ya pili.

"Mutoto wangu alizaliwa na ngozi muzuri," akasema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Ni miye nilimuosha siku ya kwanza. Nilimuona."

"Ndiyo, mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Halafu akasema kwamba mimi ni mjinga. Alisema alimwambia binti yake hivyo hivyo kabla ya ndoa, na binti hakusikia. Nikakubali, maana sikuona kosa katika maneno hayo. Kilio kitatoshwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua, akasema, na nitakuja na mwiko wangu. Mpaka siku hiyo nisijipake mafuta hata ndani ya sikio. Na nitembee juani bila kofia ili Mungu anirudishie rangi yangu, kwa sababu yeye hatasimama kwenye kaburi la mtoto wake pamoja na mwanamume wa rangi mbili. Shemeji aliziba mdomo kwa kitenge. Mama mkwe akamwambia acheke tu, kisha akacheka naye kidogo, akafunga pazia.

Shemeji akaleta maji ya kunawa, halafu bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nilinawa, nikaanza kula. Kutoka nyuma ya pazia mama mkwe akauliza kama chumvi imefika. Nikasema imepungua kidogo. Akamtuma binti yake aniletee.