Kanuni za Nahodha Ndani ya Programu Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, nilimwamkia Mkuu wa Kompyuta shikamoo. Aliitikia marahaba, akanipa kazi hata kiti sijakipasha joto. "Mwanangu, hii programu ya kupanga safari za boti za kisiwa cha Funzi ni kaidi. Nahodha akitaka kubadilisha saa kwa sababu ya maji kupwa, sharti tuijenge upya yote. Nataka aandike kanuni zake mwenyewe."

Niwaeleze vijana. Programu ile ilitafsiriwa kwanza yote iwe lugha ya mashine. Kisha kiunganishi kikaunganisha vipande vyake na maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine. Ndani yake nilipachika lugha ndogo ya maagizo, inayosomwa papo hapo programu ikiendelea. Nahodha Hamisi, mtu mzima ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alijifunza kwa wiki mbili. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mara programu ikaanza kuzimika kila ilipofungua faili la kanuni za Hamisi. Meneja wa hoteli akaja juu. "Huyu mzee ameharibu. Unahodha basi, akafagie gati!" Nami nikadakia kwamba kwangu hakuna kosa. Hamisi akaondoka kwenda gatini.

Siku ya nne ya kuzimika huko nilipekua orodha ya majina ndani ya programu, nikakuta kila jina la lugha ile limejitokeza mara mbili. Kumbe kwa woga wangu kwamba isingepatikana, niliiunganisha maktaba ya lugha hiyo kwenye programu, na tena kwenye kipande cha kukokotoa saa za maji kupwa na kujaa. Nakala moja ilipopokea data ya mwenzake, haikuitambua, na programu ikafa. Nikaitoa ya pili. Ikatulia.

Nilimfuata meneja, Hamisi akiwepo, nikasema kosa ni langu. Niliona aibu jamani!

"Yamekwisha, binti yangu," Hamisi alisema. "Lakini juzi nililifuta faili lote, likawa tupu, na bado ilizimika."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mgeni kazini, na mkubwa wako yuko pale. Ningekuumbua vipi?"

Sasa nimestaafu, na ninashukuru. Kazi hii imenilea vizuri. Programu yangu ilishabadilishwa mara mbili na vijana wenye ujuzi kunishinda. Kanuni za Hamisi walizihamisha kama zilivyo, na hadi leo boti haziondoki bila hizo.